Siku mzee alipopotea koridoni

Hii ni ya miaka kadhaa nyuma ila bado naiona kama jana. Nilikuwa nafundisha baiolojia, na kila mwaka tukifika mada ya ubongo naimba ule wimbo wangu mmoja, hipokampasi ndo stoo ya kumbukumbu, andikeni. Thalamasi naipitia kwa sentensi moja, kituo cha kupokea taarifa za macho, masikio na ngozi na kuzipandisha kwenye koteksi, lile tabaka la nje la ubongo, haya tuendelee.

Sasa mzee wangu, dereva wa malori maisha yake yote, akaamka asubuhi moja haeleweki. Mdomo haujapinda, mkono unashika, anaongea vizuri tu, lakini kila baada ya dakika mbili anauliza leo siku gani. Unamjibu, anaitikia, halafu anauliza tena kwa sauti ileile na uso uleule wa mtu anayeuliza kwa mara ya kwanza. Hospitali wakasema kiharusi kidogo, na mimi mwalimu nikajisemea kimoyomoyo, hipokampasi imekwenda hiyo.

Siku ya pili akaenda chooni, mlango wa tatu tu kutoka wodini kwake. Nikasubiri weee, kimya. Nikatoka, nikamkuta koridoni amesimama, kiganja kakibandika ukutani, anaangalia kulia, anaangalia kushoto, anarudi kulia. Mtu ambaye njia akiipita mara moja usiku anairudia bila kuuliza! Aliponiona hata hakuomba msaada, akasema tu, "hawa watu wamehamisha milango." Nikamshika mkono tukarudi, sikumbishia.

Mchana dokta akaniita nione picha za MRI. Nikamwahi, "hipokampasi, sio dokta?" Akanionyesha ya kushoto, akanionyesha ya kulia, zote nzima kabisa. Kisha akasogeza picha hadi katikati ya ubongo, na pale upande wa kushoto, kwenye sehemu ya mbele ya thalamasi, kuna kidoa cheupe, ukikitazama unaweza kudhani ni vumbi la kioo. Yaani hicho ndo kimemvuruga mzee hivi? Nilikiangalia mpaka nikahisi hasira, sijui nilikuwa namkasirikia nani.

Akageuza bahasha ya picha akaanza kuchora. Hipokampasi inatuma ujumbe kupitia forniksi, kifungu cha nyuzi za neva, hadi miili ya mamilari, vinundu viwili vidogo chini ya ubongo, kutoka hapo unapanda kwenye thalamasi ya mbele, unapita gamba la singulati, sehemu ya koteksi iliyo katikati ya ubongo, halafu unarudi kulekule kwenye hipokampasi ulikotoka. Mzunguko huo mtaalamu wa ubongo James Papez aliuandika mwaka 1937 akidhani ni wa hisia za moyoni, kumbe ukiukata kinachoumia sana ni kumbukumbu, na ndo maana wanaopata Korsakoff, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa kukosa vitamini B1, wanasahau vibaya mno wakati madhara makubwa yako kwenye mamilari na thalamasi. Akachora na mshale mwingine kutoka kiini kimoja cha katikati ya thalamasi, nukliasi riyuniensi, hicho kinasikiliza koteksi ya mbele na kinapeleka habari moja kwa moja kwenye hipokampasi, sehemu iitwayo CA1, maana koteksi ya mbele yenyewe njia yake ya mkato kwenda huko ni kama haipo. Hicho cha mzee kilikuwa salama, akakiwekea tiki.

Mimi bado nilikuwa na ile korido kichwani, nikamuuliza. Akaniambia kwenye panya wameona hiyo thalamasi ya mbele ina seli za mwelekeo, kila moja inawaka kichwa kikielekea upande wake, kama dira, na hipokampasi ina seli za mahali, zinazowaka mnyama akifika mahali fulani, zile zilizompa mwanasayansi John O'Keefe tuzo ya Nobel mwaka 2014. "Sasa mwalimu, ramani unayo mkononi ila hujui umeelekea wapi, utafika?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nahesabu ni madarasa mangapi nimeyaandikisha ule wimbo wa stoo.

Baada ya wiki wakamruhusu. Nikaendesha mimi, yeye kakaa kushoto kwangu ananipangia njia kama zamani, hapa punguza kuna shimo, usifuate hiyo ina foleni, kata kona ya pili, na kila alichosema kilikuwa sahihi, hata lile shimo lilikuwepo. Nikaanza kujipa moyo kwamba basi, mzee karudi. Tulipofika getini nikazima gari, akanigeukia.

"Tulikuwa tunatoka wapi vile?"

"Hospitali, baba."

Akashtuka kweli. "Nani anaumwa?"