Kiwanda chetu hakioni jua lakini tambuu imekubali

Watu wakiskia bustani wanafikiria uwanja mkubwa, mahindi, tungule, mwembe pale kati. Sie wa Mkomani hapa Lamu wengi wetu uwanja wetu ni kiwanda tu, pale ndani ya nyumba penye uwazi juu, na chetu kina kuta ndefu pande zote nne za mawe ya matumbawe, alafu jirani naye akapandisha ghorofa nyengine upande wa kusini bas kile kijua tulichokua tunakipata wakati wa kaskazi kikapotea. Kila mtu nliemwambia nataka kupanda hapo alinambia sahau, hapo hata mchicha hautoki. Kweli mchicha hautoki, na tungule pia hazitoki, lakini nani kasema lazima upande tungule?

Kabla ya kununua hata kopo moja nliangalia kwanza jua linapita wapi. Hii watu wengi wanairuka na ndo kazi yenyewe. Lamu tuko karibu sana na ikweta, nyuzi mbili na kitu kusini, kwa hivo katikati ya mwezi wa tatu na tena mwisho wa mwezi wa tisa jua la saa sita likikupiga linakupiga utosini kabisa na linashuka mpaka sakafuni. Mwezi wa sita jua limeegea kaskazini, kwa hivo ukuta unaopata mwangaza ni ule wa upande wa kusini, na disemba mambo yanageuka. Nlikua nachora kwa kipande cha makaa pale sakafuni saa nne, saa sita na saa nane, mamangu ananitizama tu hasemi kitu. Baada ya kuona misimu inavopita nkajua kuna sehemu za aina tatu: katikati pa kupata jua kwa muda wa saa moja au mbili kwa miezi fulani, pembeni pa mwangaza wa kuakisi tu, na ile kona ya ngazi ambayo jua haijawahi kuiona na haitaiona. Kuta nkazipaka chokaa nyeupe upya na hiyo peke yake iliongeza mwangaza mpaka wageni wakawa wanauliza kama tumeeka taa.

Kitu chochote cha kutoboa ukuta nliacha. Mji mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, ukitaka kubadilisha nyumba lazima upitie kwa watu wa museum, na hata bila hiyo mawe haya ya zamani ukianza kuyapigilia misumari yanamwagika kama unga. Kwa hivo kila kitu changu kimesimama chenyewe, vyungu, madebe, na fito nimezisimamisha ndani ya debe lenye mawe chini.

Sasa tambuu. Mamangu anakula tambuu, yale majani ya kutafuna, na tulikua tunayanunua, siku nyengine yamekauka siku nyengine hayapo. Mtambuu ni mti wa kutambaa, jamaa yake ni pilipili manga, na kwao ni chini ya miti mikubwa msituni, yaani kivuli ndo maisha yake. Jua kali linaunguza majani na upepo mkavu unayararua. Kiwanda kilichozungukwa na kuta kinampa kila anachotaka, kivuli, unyevu, na ule upepo wa chumvi wa bahari haumfikii. Mamangu nlipomueleza akacheka, "mtambuu na yuwa havipatani mwanangu, hilo ungeniuliza mimi." Haya.

Vipandikizi nlipewa na shangazi Mombasa, kila kimoja kina vifundo kama vinne hivi, nkavifunga kwenye gunia bichi ndani ya mfuko, nkapanda basi mpaka Mokowe alafu boti mpaka hapa. Ukipanda, vifundo viwili vizame ndani ya udongo na viwili vibaki nje, udongo ubichi lakini usituame maji, manake mzizi wa mtambuu ukikaa kwenye maji unaoza na ukishaoza huna dawa. Chini ya debe toboa matundu mengi, mengi kuliko unavodhani. Fito nimezizungushia makumbi ya nazi ili mizizi midogo inayotoka kwenye vifundo ipate kushika. Hapo kwa makumbi angalia, chukua yale makavu ya shambani, yale yaliyozikwa ufukweni kwa kutengeza kamba yana chumvi na yatakuulia mche. Mchanga wa pwani pia usiuguse.

Udongo wenyewe si shida, tuna punda. Samadi inapatikana mpaka inakupata wewe, kazi ni kuiacha ioze vizuri kabla, mbichi inaunguza mizizi na imejaa mbegu za majani ya porini. Ami mmoja wa mtaa wetu ananiletea kwenye shogi la punda pamoja na udongo wa shamba, naifunika na turubai mpaka iwe nyeusi na haina harufu tena. Nachanganya udongo, samadi na makumbi yaliyokatwakatwa, kwa macho tu sina kipimo. Na vyungu visigusane na ukuta, acha kama shibiri, manake chokaa inayodondoka inabadilisha udongo na baadae unaona jani jipya limekua la manjano lakini mishipa yake bado kijani. Ukiona hivo toa udongo wa juu eka wenye mbolea ya majani yaliyooza.

Maji ndo vita halisi. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na maji matamu yanatoka kule kwenye vichuguu vya mchanga vya Shela ambavyo vinachuja mvua na kuihifadhi chini, hayo ni ya kunywa si ya kumwagia maua kila siku. Dalili ya chumvi utaiona ncha za majani zimekauka rangi ya kahawia na juu ya udongo kuna ukoko mweupe. Mie nategemea mvua. Hesabu yake rahisi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hivo kile kibati chetu cha juu ya jiko cha mita 3 kwa 4, mvua ya milimita 20 ni lita 240, na masika ya mwezi wa tano inanyesha zaidi ya hapo. Maji ya mwanzo yaache yapite na mavi ya ndege, yanayofuata elekeza kwenye pipa na ufunike kwa chandarua, la sivyo utafuga mbu. Wazee wetu walikua wanaeka visamaki ndani ya birika, lile tangi la maji la nyumba, ili vile mabuu ya mbu, na mie nna visamaki vyangu. Maji ya kuoshea mchele pia hayamwagwi nyumbani kwetu tena.

Sai mtambuu umefika ghorofa ya kwanza. Mamangu anachuma ya chini yaliyokomaa, ncha haguswi na mtu. Mie siachi kumkumbusha kwamba jani lenyewe si tatizo, tatizo ni popoo, ile kokwa inayotafunwa pamoja nalo, na tumbaku, madaktari washasema vinaleta saratani ya mdomo, yeye anasema sawa na anaendelea, kwa hivo tumekubaliana tumbaku isiingie.

Kwengine nimeeka mnanaa wa chai pale penye mwangaza wa kuakisi, unapenda bichi na unasambaa mpaka uufunge kwenye chungu chake. Majimbi karibu na tundu la maji, majani makubwa mazuri, lakini yasiliwe mabichi yanawasha koo. Tangawizi na manjano kwenye magunia, yanachukua karibu mwaka na hutakiwi kuchimba mpaka majani yakauke yenyewe. Mani planti ndani ya chupa nlieka nkaitoa, ina sumu kwa paka na paka wa Lamu mnawajua, hawana mlango wasioingia. Hao hao walikua wanafanya vitalu vyangu choo, nimetandika vijiti vya mndimu vyenye miiba juu ya udongo na wamehamia kwa jirani.

Mchaichai, rehani na asumini hizo zataka jua na kwenye kivuli zitarefuka tu bila maana, nimezipandisha juu darini, huko ni kazi nyengine kabisa manake kusi ikianza inavunja kila kitu mpaka ufunge makuti upande wa bahari.