Kuku wangu alipotokwa na kizazi

Asubuhi moja ya mwezi Juni, baridi ya Uyole, hapa Mbeya, ikiwa imekaza na majani ya uani yakiwa meupe kwa umande, nilimkuta tembe wangu mweusi, kuku jike mchanga aliyeanza kutaga karibuni, amejibana kwenye kona ya banda, manyoya ameyatutumua na mkia ameuinamisha. Nilipomwinua niliona kinyama chekundu, kibichi, kinachong'aa, kimechungulia katika tundu la haja kwa kiasi cha ncha ya kidole gumba. Wenzake wawili walikuwa wameshaanza kumnyemelea kwa nyuma. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyefuga kuku tangu kabla sijazaliwa, aliniambia kutoka upande wa pili wa ua, "Mwanangu, huyo mchinje leo leo, wenzake watamvuta utumbo wote."

Sikumchinja, lakini onyo lake lilikuwa la kweli. Kuku huvutwa na kitu chekundu chenye unyevu, na wakianza kudonoa hawaachi, kiasi kwamba jeraha ambalo lingepona kwa siku chache hugeuka kuwa kifo cha saa moja. Kwa hiyo kabla ya maji na kabla ya dawa yoyote, mgonjwa hutengwa. Nilimweka kwenye tenga lililotandikwa gunia safi, kwa sababu maranda hung'ang'ania kwenye nyama mbichi na kuichubua.

Wafugaji wengi wa huku kwetu husema kuku ametoa utumbo, ilhali mara nyingi kinachoonekana ni sehemu ya mwisho ya mrija wa mayai. Kila yai linapotagwa, sehemu hiyo hujipindua na kutoka nje kwa muda mfupi ili yai lisipakwe kinyesi, kisha hurudi yenyewe. Ikichoka, ikivimba au ikichanika kidogo, hushindwa kurudi. Tembe wangu alikuwa ametoa ishara siku moja kabla: yai kubwa kupita umri wake, lenye michirizi ya damu kwenye ganda, nami nililifuta nikalitia kwenye trei bila kujiuliza damu hiyo imetoka wapi.

Nilichemsha maji, nikayaacha yapoe hadi yawe vuguvugu, nikatia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha robo lita, na kwa maji hayo nikaosha taratibu kinyesi na manyoya yaliyoganda pale. Kwa kidole chenye glavu iliyopakwa mafuta mazito ya mgando nilipapasa kwa ndani kuhakikisha hakuna yai lililokwama, kwa kuwa kusukuma nyama ndani huku yai linasubiri kutoka ni kumtesa kuku bure. Kisha nikapaka sukari iliyoloweshwa kwa maji kidogo, nikasubiri kama dakika kumi na tano. Sukari huvuta maji yaliyo ndani ya uvimbe, na nilikiona kile kinyama kikinywea polepole mbele ya macho yangu. Niliiosha sukari yote, maana ikibaki huita sisimizi na nzi, nikapaka mafuta tena, nikakirudisha ndani kwa ncha ya kidole. Alipojikamua nilisimama kusukuma, alipolegea niliendelea. Kiliporudi nilikishikilia kwa dakika moja hivi. Ningekuta nyama imekuwa nyeusi, imekauka au inanuka, nisingeigusa, ningemwita afisa mifugo. Spiriti na maji ya moto yasikaribie kabisa sehemu hiyo.

Jioni kilitoka tena, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kurudisha nyama ndani ni nusu tu ya tiba. Kuku anayetaga huandaa yai jipya kwa muda wa saa 24 hadi 26, kwa hiyo msuli uliochoka asubuhi hii utasukumwa tena kesho au keshokutwa kabla haujapata nguvu. Ni lazima utagaji usimame, na kinachousimamisha kwa uhakika zaidi ni giza. Nililihamishia tenga stoo, nikalifunika kwa kitenge kilichoruhusu hewa kupita, nikampa mwanga kwa saa nane tu kwa siku. Chakula cha kutagia nilikibadilisha kwa kile cha kuku wanaokua, nikamwongezea mchicha na maji safi muda wote. Nilimkagua asubuhi, mchana na jioni. Siku ya pili nililazimika kukirudisha mara moja zaidi. Kuanzia siku ya nne hakikutoka tena.

Nilipotafuta chanzo nilijikuta natazama taa yangu mwenyewe. Kwa kuogopa baridi nilikuwa nimeacha balbu ikiwaka bandani hadi saa nne usiku, na mwanga huo mrefu ulikuwa umewaharakisha tembe kutaga kabla miili yao haijakomaa. Tena nilikuwa nawalisha mahindi mengi, kwa kuwa Mbeya mahindi hayatupi shida, na mafuta yanayojazana tumboni huifanya njia ya yai kuwa finyu. Kalisi nayo ilikuwa haba, na msuli wa kusukuma yai huihitaji kama ganda linavyoihitaji. Sasa banda huzimwa taa giza linapoingia, baridi naikinga kwa magunia upande wa upepo na maranda mazito sakafuni, mahindi nimeyapunguza, na chokaa ya mifugo iko kwenye kisahani chake ili kila kuku achukue anachohitaji.

Tembe mweusi alirudi kwa wenzake baada ya siku kumi na mbili, jioni walipokuwa wameshapanda kulala ili wasimpige. Alikaa wiki tatu bila kutaga. Yai lake la kwanza lilikuwa dogo, na nililigeuza mara mbili mkononi likiwa bado na joto, nikitafuta michirizi. Lilikuwa safi. Nilimshika, nikainua mkia, nikakuta tundu limefunga vizuri, na jirani yangu akaomba nimwinue zaidi naye aone.