Nilivyoifufua bunduki ya Winchester ya 1873 bila kuufuta umri wake

Winchester niliyoinunua hapa Houston ilikuwa haifunguki. Wenzo wake, ule mkono wa chuma wa kupakilia risasi, ulikuwa umegoma, kitako kimenyonya mafuta mpaka kikawa cheusi, na mtutu umevaa kutu nyekundu kutoka mdomoni hadi kwenye fremu, yaani mwili wa chuma unaobeba mtambo. Muuzaji aliiuza kama pambo la ukutani. Mimi niliitaka ipige tena, lakini ipige ikiwa na sura yake ya uzee. Hayo mawili yanapatana, ila yanadai subira.

Nilianza na mwaka wake, kwa sababu za kisheria. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1968 inaitenga bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo, haiihesabu pamoja na silaha za kawaida. Majimbo nayo yana masharti yao, na kila mtu hana budi kuuliza ya kwake. Modeli ya 1873 iliendelea kuundwa kule New Haven, Connecticut, hadi karne ya 20 ilipoingia, na zilitoka zaidi ya 700,000, kwa hiyo jina "1873" peke yake halikuambii bunduki yako ilizaliwa lini. Kinachosema ni namba iliyochongwa kwenye mkia wa chini wa fremu. Kuna jumba la makumbusho huko Cody, Wyoming, linalotunza daftari za kiwanda. Unapeleka namba, unapata barua. Yangu ni ya 1891, na fremu yake ni ya feleji, ngumu kuliko chuma laini cha zile za mwanzo. Hilo lilinipa moyo.

Kwetu pwani silaha hii si ngeni kama watu wanavyodhani. Mwaka 1887 mvumbuzi Henry Stanley alipopita Unguja kuchukua watu wa msafara wa kumfuata Emin Pasha, gavana wa Ikweta kule Sudani, miongoni mwa silaha za msafara zilikuwemo winchesta za kufyatua mfululizo. Mtu aliyezoea gobori, la kushindilia baruti kwa mdeki kila mlio mmoja, aliona mwenzake akishusha na kupandisha wenzo tu, risasi inafuata risasi. Yangu ina mtutu wa inchi 24 wenye pande nane, na bomba lililo chini ya mtutu linabeba risasi 15. Kila niishikapo huwaza mshangao wa wale watu.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye skrubu, na hapo ndipo nilipokaa kuliko pengine popote. Bunduki nyingi kuukuu haziharibiwi na kutu, zinaharibiwa na bisibisi. Bisibisi ya dukani ina ncha iliyochongoka kama kabari. Ukiikaza inapanda, inatafuna kingo za ufa wa skrubu, na jeraha hilo halifichiki tena. Nilinunua bisibisi za bei rahisi nikazipiga tupa moja moja, ncha ikawa na mashavu yaliyo sambamba, inaingia kwenye ufa mpaka chini na kuujaza upana wote. Kisha nikatia mafuta ya kupenya kwenye kila skrubu, nikaiacha bunduki imelala, nikarudia kesho yake na keshokutwa. Zilizogoma nilizipasha moto kwa ncha ya pasi ya kulehemu, zikapoa, nikatia mafuta tena. Skrubu kubwa inayoshika mabamba mawili ya ubavuni ilikuwa ya mwisho kukubali. Niliisikia kwa kiganja kabla ya kuiona: mguso mdogo, kisha ikazunguka kama robo.

Mabamba yale hayabanduliwi kwa kuchokolewa. Unalegeza skrubu kidogo, unagonga kichwa chake polepole kwa nyundo ya mbao ili bamba la upande wa pili lisukumike lenyewe. Ndani nilikuta grisi iliyoganda ikawa kama lami, na chini yake chuma kizuri kabisa. Grisi ile ndiyo iliyokuwa imeugomesha wenzo, na ndiyo pia iliyouhifadhi mtambo.

Rafiki yangu mmoja wa Mombasa alikuja akanikuta nimetandaza vipande mezani.

"Kaka, si uipeleke tu wakaipige msasa na rangi mpya? Itang'aa."

"Ndugu yangu, ikishapigwa msasa, maandishi ya kiwanda yanakwenda, na kingo za mtutu zinakuwa mviringo. Hiyo itakuwa bunduki nyingine."

Sikuigusa kwa msasa. Kutu nyekundu niliigeuza. Mtutu na mabamba, baada ya kuondolewa mafuta yote, niliyachemsha kwenye maji yaliyokenekwa (ya mvuke uliopozwa), katika birika refu la bati nililoliunganisha mwenyewe. Kwa joto lile kutu nyekundu inageuka kuwa oksaidi nyeusi, ambayo haili chuma tena. Ukitoa chuma kinakuwa na vumbi jeusi kama la makaa. Unalipangusa kwa brashi laini ya waya, unachemsha tena, mpaka wekundu uishe. Kilichobaki ni rangi nyeusi iliyotulia, na herufi za anwani ya kiwanda juu ya mtutu zinasomeka zote. Kitako cha mti wa mjozi nilikipaka uji wa chaki na asetoni. Ukikauka unanyonya mafuta, unaufagia, unapaka mwingine. Baadaye nikakipa mafuta ya kitani membamba, basi.

Kuhusu usalama sikutaka kubahatisha. Bolti ya modeli hii, kile chuma kirefu kinachoziba chemba (tundu inamokaa risasi ikipigwa), inashikiliwa na viungo viwili kila upande. Ukishusha wenzo vinakunjika kama goti, ukiupandisha vinanyooka, na unyoofu huo ndio unaozuia nguvu ya mlipuko. Ni mtambo laini sana mkononi, wala sijashika wa kuushinda, lakini haukuundwa kubeba mgandamizo mkubwa. Nilimpelekea fundi bunduki mzee anayezijua hizi. Alipima nafasi nyuma ya ganda la risasi, akakagua pini za viungo, akachungulia chemba na kuona kama kuna ufa. Mpaka aliposema ndiyo, sikuwa nimeleta hata fataki moja, kile kiwashio cha nyuma ya risasi, nyumbani.

Mtutu ndani una vishimo, lakini michirizo yake, inayoizungusha risasi, bado ina kingo. Nilisukuma kipande laini cha madini ya risasi kutoka upande mmoja hadi wa pili, nikakipima kwa maikromita: inchi 0.429. Bunduki za .44-40, aina ya risasi inayotumiwa na yangu, hutofautiana, na ukitia risasi nyembamba kuliko mtutu, itayumba. Kwa hiyo nazimimina mwenyewe, madini ya risasi na bati kidogo, mlango wazi na feni ikivuta, nazipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya kondoo ili masizi yawe laini. Bapa lililo mbele ya risasi hizi lina sababu yake: ndani ya bomba kila risasi inaegemea fataki ya iliyo mbele yake, na ncha kali ingeweza kuipiga.

Ile 40 ya kwenye jina ni greni 40 za baruti nyeusi, yaani gramu 2.6 hivi, nyuma ya risasi ya gramu 13. Nimebaki na baruti nyeusi. Wapo wanaotumia baruti ya kisasa isiyo na moshi. Kwa chuma cha umri huu mimi sioni faida inayostahili hatari hiyo.

Mlio wa kwanza niliufyatua kwa kamba, bunduki imefungwa kwenye tairi, mimi nyuma ya ukuta wa uwanja wa shabaha. Ganda lilitoka zima, halikufura, na fataki ilikuwa sawasawa na kitako chake. Niliporidhika na maganda, nikaitia begani. Haina kishindo cha ghafla, inasukuma. Moshi mweupe unafunika lengo, unangoja upepo, kisha unaona. Kwa yadi 50 risasi zilikusanyika kwenye eneo la kiganja changu, na nilipiga kelele za furaha mpaka watu wa meza za jirani wakaja kuomba kujaribu.

Masizi ya baruti nyeusi yana chumvi zinazovuta unyevu, na hewa ya Houston ni nzito kama ya Tanga. Siku hiyohiyo napitisha maji ya moto na sabuni mtutuni, nakausha, napaka mafuta, na maganda nayaloweka kwenye maji yake. Kesho yake napitisha kitambaa cheupe tena. Kikitoka na wekundu, narudia. Naihifadhi mdomo ukiangalia chini, mafuta yasishuke tena kwenye kitako.