Wifi, ulikuwa unalia?

Jumapili, saa nne usiku.

Leo siku ya nane, na swali la wifi bado linanizunguka kichwani. Sendofu ya mdogo wetu ilipendeza, hesabu za robo mwaka tumefunga, Baba watoto kaondoka Jumatano kwenda kuripoti Dodoma. Yote hayo yamepita. Nikikaa peke yangu nasikia kitu kimoja tu, pale ukumbini Sinza, keki imeshakatwa, watu wamesimama foleni ya chakula:

"Wifi, ulikuwa unalia?"

"Hapana wifi, joto tu."

"Haya."

Akaenda kuchukua sahani. Mnaomjua wifi mkubwa mnajua hana maneno mengi, na lake moja likiingia limeingia. Nilikwenda moja kwa moja chooni kujitazama. Ile shedo ya krimu, rangi ya shaba, niliyoipaka nyumbani kwa utulivu wangu wote, ilikuwa imehama. Imejikusanya kwenye mkunjo wa kope, mstari mmoja mnene unang'aa kila jicho, na pembeni yake ngozi tupu. Wanja umeshuka hadi juu ya shavu. Nikafuta kwa tishu ya mezani, nikazidi kuharibu. Picha zote za kumtunza bibi harusi nimo, na macho hayo hayo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba krimu naijua. Kopo langu la kwanza lilikuwa Color Tattoo ya Maybelline, dada aliniletea kutoka Marekani, ambako vitu hivi mtu anavikuta duka la dawa, hatua chache tu kutoka kwenye vidonge vya mafua. Kale kakopo ka kioo nilikatunza mpaka kakaisha. Safari hii nilichukua Kariakoo kopo la sh 6,000, na kwa kuwa ni sherehe nikapaka nene. Hapo ndipo nilipokosea. Krimu ni nta na mafuta yaliyobeba rangi. Joto la Dar linailainisha, na kope nayo inatoa mafuta yake. Mtu anapepesa macho kama mara 15 hadi 20 kwa dakika. Sherehe ya saa tano ni zaidi ya mara 4,000, na kila mpepeso unaisukuma rangi kidogo kuelekea mkunjoni. Ukipaka nene, umeipa cha kusukuma.

Jumatatu baada ya kazi nikashuka Gerezani, nikaingia Kariakoo tena, nikaulizia shedo ya maji, yaani ya kimiminika. Muuzaji, kijana mpole, akanichora mstari mgongoni mwa mkono.

"Subiri kidogo anti, usiguse."

Nikasubiri. Kitu kilichokuwa kinateleza kikakauka ndani ya kama dakika moja. Nikakisugua kwa kidole gumba, hakikutoka.

"Hii hata ukilia haitoki."

Nikalipa sh 12,000, wala sikuomba anipunguzie.

Nyumbani nikasoma boksi lake. Isododekeni imetajwa mwanzoni kabisa. Hicho ni kimiminika kinachoruka hewani upesi. Kikisharuka kinaacha utando mwembamba ulioishika rangi. Ndiyo maana unamaliza jicho moja kwanza, unatandaza kwa kidole, halafu ndiyo unagusa la pili. Ukichelewa inakamatia mabaka, na ukiongeza juu ya iliyokauka inabanduka vipandevipande. Krimu haikukimbizi hivyo. Unarudi, unarekebisha, unachanganya mpaka uridhike. Kwa asubuhi ya kawaida bado naipenda krimu, ila iwe nyembamba kama pumzi na juu yake poda kidogo, na mafuta ya mgando yasifike kabisa kwenye kope.

Jumatano nikazijaribu zote mbili: krimu jicho la kulia, ya maji la kushoto. Nilipaka alfajiri, taa ya chumbani, kwa sababu nilikuwa namsindikiza Baba watoto stesheni ya SGR na sikutaka aondoke na picha ya uso wa usingizi. Akanishika bega, akasema nisisahau ada ya mdogo, akapanda. Nikatoka pale nikatembea kwa miguu mpaka ofisini, na njia nzima nililia. Nilikuwa najifuta kwa ncha ya mtandio.

Kwenye kioo cha ofisini la kulia lilikuwa na kamstari kembamba mkunjoni, poda imelisaidia sana. La kushoto lilikuwa kama nilivyolipaka. Shaba ile ile, imetulia. Nikaingia, nikasalimia, tukafanya kazi mpaka jioni. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Usiku, natoa ile ya kushoto kwa pamba na mafuta ya nazi (maji na sabuni haviiwezi, usijisumbue), swali la wifi likarudi tena. Safari hii likaja na mkono wake. Nilikuwa nimeusahau. Kabla hajaniuliza alinishika kiwiko, akanisogeza pembeni mwa foleni mpaka nyuma ya spika, akainama, akasema kwa sauti ya chini. Barua ya uhamisho ilikuwa na siku mbili tu. Kaka yake ndiye anayehama. Ukumbi mzima ule, watu kama mia mbili, yeye ndiye alikuwa anaijua.

Na mimi nikamwambia joto.

Siku nne nyingine nimekuwa nikiandika ujumbe nafuta. "Wifi, habari za nyumbani" nafuta. "Wifi, ile siku ya sendofu" nafuta. Kwa simu sitaweza, nitalia kabla hajasema haloo. Jumamosi ijayo ana kikoba chao Tabata, labda nipite na watoto, nimpelekee na zile ndizi za Bukoba anazopenda.

Naandika haya jikoni. Nimetoka kuutikisa mtungi wa gesi, mwepesi kabisa, na moto wa jioni ulikuwa wa njano. Yule kijana wa gesi Jumatatu hafungui mpaka saa mbili, na watoto gari la shule linapita saa kumi na mbili na nusu. Mkaa upo nusu ndoo. Sijui kama uji utaiva.