Word ikikwambia faili limefungwa, anza na Alt+Tab

Wenye steshenari wa Mwenge na Kariakoo, na wote mnaochapa kazi za wateja: ujumbe ukisema faili linatumika, na jina linalotajwa ni la mtumiaji wa kompyuta hiyo hiyo, huenda faili liko wazi kwenye dirisha jingine. Bonyeza Alt+Tab, ulitafute hapo.

Usikimbilie kulifungua kwa kusoma tu. Ukihariri humo, itabidi uhifadhi kwa jina jipya. Jioni mna nakala mbili, na inayochapishwa ni ile ya zamani. Naomba sana, hili linaumiza wateja.

Kama hakuna dirisha lolote, umeme ulikatika au Word ilikwama. Ukifungua «Barua ya Kazi.docx», Word huweka kwenye folda hiyo hiyo kijifaili kilichofichwa, «~$rua ya Kazi.docx». Ndicho kufuli. Kompyuta ikizimika ghafla, kinabaki. Funga Word zote, bonyeza Ctrl+Shift+Esc uimalize Word iliyobaki kwenye orodha ya programu zinazoendelea, onyesha mafaili yaliyofichwa, kisha futa hicho cha ~$ peke yake. LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia, nayo huweka chake, kinaanza na .~lock na kuishia na alama ya #.

Folda ikiwa ya pamoja, muulize mwenzako kwanza. Huenda kweli anaandika.

Na ukitaka kuona ukurasa wa 2 na wa 40 kwa pamoja, bonyeza Alt, W, N. Madirisha mawili, waraka mmoja; hifadhi kutoka dirisha lolote.