Mickey haongei, na kwetu hiyo ni neema

Ukienda kwenye bustani za burudani za Disney kule Florida ukakutana na Mickey, yule panya wa katuni, ana kwa ana, hatakwambia neno hata moja. Atakupungia, atajishika moyo, atapiga goti, atakupa mkono wenye glavu kubwa jeupe, basi. Minnie vivyo hivyo, na Goofy, na Pluto, na wengi wa wale waliovaa vichwa vya katuni. Wanaoongea ni wale ambao sura zao unaziona: mabinti wafalme kina Cinderella, Rapunzel, na Tiana, yule mpishi wa New Orleans wa ile filamu ya chura. Wazazi wengi hawalitilii maanani jambo hili. Sisi tuliipanga safari nzima kwa kulifuata.

Binti yangu ana miaka saba na ana kigugumizi. Amerithi jina la mama yangu, kwa hiyo nyumbani tunamwita Bi Mkubwa, na hilo la nyumbani hulitamka bila taabu. Linalomkwama ni jina lake la shuleni. Watu wengi wenye kigugumizi watakwambia hivyo hivyo: neno lingine likigoma unalikwepa, unatafuta mwenziwe, lakini jina lako utalikwepea wapi? Na swali la kwanza ambalo mtu mzima wa huku Marekani humuuliza mtoto ni lipi? Jina lako nani. Sasa liweke swali hilo mwisho wa foleni ndefu, mbele ya binti mfalme anayempenda tangu hajaanza shule, kamera imeshaelekezwa, na nyuma kuna familia nyingine inangoja zamu yake.

Kuna mwaka, kwenye maonyesho fulani hapa Georgia, alikuwepo kijana aliyevaa kama shujaa wa katuni akipiga picha na watoto. Akamuuliza jina. Mwanangu akaanza, "Ma-ma-ma..." na yule kijana, nadhani kwa nia njema kabisa, akadakia: "Mama? Haya, Binti Mfalme Mama, tabasamu!" Watu wakacheka. Picha ile ninayo, sijawahi kumwonyesha.

Kwa asiyejua: kigugumizi si woga, si uzito wa akili, wala mtoto hakutishwa na paka alipokuwa mchanga. Mara nyingi huanza kati ya miaka miwili na mitano, na karibu mtoto 1 kati ya 20 hukipitia. Wengi kinawaacha wenyewe, hasa wasichana. Wachache kinabaki nao, na wangu yumo. Wala hakiletwi na lugha mbili. Mwalimu mmoja wa chekechea alitushauri tuache Kiswahili nyumbani "mpaka atulie." Nilimshukuru, nikarudi nyumbani nikaendelea kumtuma mwanangu aniletee mwiko. Kama unaishi Marekani na mtoto wako anasoma shule ya umma, andika barua uombe apimwe usemi. Sheria yao ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, inailazimu shule kumhudumia bure mtoto aliyeonekana anastahili. Sisi mtaalamu wa usemi tulimpata hivyo, na mengi ninayoyasimulia hapa ni yeye aliyetufundisha.

Wazazi wenzangu huuliza kama tuliomba DAS, ule utaratibu wa Disney wa kuwapunguzia foleni wageni wenye ulemavu. Hatukuomba. DAS imekusudiwa hasa watu ambao, kwa sababu kama usonji, kusimama kwenye foleni ya kawaida kwa muda mrefu hawawezi. Bi Mkubwa foleni haimsumbui hata kidogo, yeye ana maneno na vitafunio vya kutosha. Shida yake iko mwisho wa foleni.

Kutoka hapa Atlanta hadi Orlando ni kama maili 440, barabara ya I-75 karibu yote. Njia nzima kaka yake alikuwa akicheza Tiana. Usiku wa kuamkia safari alijifunga leso ya mama yangu kifuani, akakaa kwenye kochi, akamhoji mdogo wake kwa sauti nyembamba: jina lako nani, una miaka mingapi, unapenda chura? Hilo zoezi niliagizwa na mtaalamu, ila leso ilikuwa fikra ya kijana mwenyewe. Kusudi la zoezi si mtoto aseme bila kukwama. Kusudi ni akwame hapo kwenye kochi, aone dunia haijaanguka, amalize sentensi yake. Kuna hata mazoezi ambapo mtoto anajigonga kwenye neno kwa makusudi, ili kigugumizi kisiwe kitu cha kukimbiwa. Kaka mtu aliyapenda hayo kupita kiasi, ikabidi nimkanye.

Siku ya kwanza tulianza Magic Kingdom, mojawapo ya bustani hizo za Disney, kwa Mickey, kwenye lile jumba la Town Square Theater ukishaingia tu upande wako wa kulia. Nilikuwa nimenunua daftari la saini na maka peni nene, kwa sababu mkono wenye glavu haushiki kalamu nyembamba. Bi Mkubwa alikabidhiwa kazi ya kuitunza hiyo kalamu na kuifungua kifuniko. Linaonekana dogo, lakini mtoto mwenye kitu mkononi hafiki mbele ya mtu akiwa hana la kufanya ila kusema. Alifika, akanyoosha daftari, akafungua kalamu, na mazungumzo yakawa yameanza bila sauti ya mtu yeyote.

Mickey akatia saini. Kisha akaziona shanga. Nilikuwa nimemsuka nywele za kuangusha na shanga nyekundu, nyeusi na za manjano, rangi za Mickey mwenyewe. Akakigusa kisuko kimoja kwa kidole, akaonyesha kaptura yake nyekundu, akaonyesha kisuko tena, akajishika kichwa kama mtu asiyeamini macho yake. Bi Mkubwa akacheka mpaka mabega yakatikisika. Ndipo akaanza kumweleza, kwa hiari yake, nani amemsuka, muda gani, na jinsi alivyolia nilipofika kwenye kisogo. Alikwama mara nyingi tu. Mickey akaweka mkono kwenye sikio lake kubwa, akatulia. Hawezi kudakia. Hawezi kumalizia neno la mtu. Hawezi kusema "pole pole mpenzi, vuta pumzi," maneno ambayo kila shangazi yetu anayo mdomoni na ambayo humfanya mtoto ajione ana kosa. Kama ningepewa kuchagua msikilizaji wa mtoto wangu, ningemchagua huyo asiye na ulimi.

Siku iliyofuata tulikwenda bustani nyingine, Animal Kingdom, tukala kwenye mkahawa wa Tusker House. Ninakupendekezea kula na wahusika kuliko foleni, ingawa mfuko utalia. Umekaa mezani kwako, una sahani, Donald na Daisy na Goofy waliovaa kisafari wanakufuata wao. Hakuna mtu nyuma yako anayengoja, na asiyetaka kusema neno anaweza kutafuna. Mkahawa huo uko kwenye mji wa kubuni uitwao Harambe, waliouchora kwa kuiga Lamu. Mimi ni mtu wa Mombasa, kwa hiyo nilikwenda nikiwa nimekunja uso tayari. Kuta zilizobambuka chokaa wamezipatia, sikatai. Uhuru wao wameuandika 1961, nikamwambia mume wangu kumbe hawa ni Watanganyika. Kuna na duka linaitwa Mombasa Marketplace ambalo bei zake hata Biashara Street hawajazifikia. Lakini Bi Mkubwa alizunguka akisoma vibao vya Kiswahili kwa sauti, mtoto ambaye darasani huomba asisomeshwe, na mie nikaukunjua uso.

Tiana tulimweka mwisho kwa makusudi. Yuko Princess Fairytale Hall, Magic Kingdom, na ni yeye hasa aliyetupeleka Florida. Mtaalamu alikuwa amemsaidia Bi Mkubwa kutengeneza kadi ndogo, Kiingereza, mwandiko wake mwenyewe: nina kigugumizi, tafadhali nisubiri nimalize. Uamuzi wa kuitoa au kutoitoa ulikuwa wake. Tulipokaribia mlangoni aliitoa, akampa yule mhudumu anayepanga watu. Mama yule akaisoma yote, akamrudishia, akasema asante kwa kuniambia, akaingia ndani kabla yetu. Mimi sikufungua mdomo, na naomba nisifiwe kwa hilo, maana waliokulia Old Town ya Mombasa wanajua kunyamaza si fani yetu.

Neno la kwanza tulilisema pamoja, mimi na yeye: "Hi, Tiana." Watu wawili wakisema neno moja kwa wakati mmoja, kigugumizi mara nyingi hulegea. Ni kama kumsukumia mtu gari liwake, ukishasikia injini unaachia. Nikarudi nyuma hatua mbili.

Tiana akachuchumaa, gauni la kijani likatandazika sakafuni. Jina hakuliuliza kwanza. Alisema, "Naona umebeba kalamu kubwa kama mwiko wangu." Jina lilikuja baadaye, na Bi Mkubwa alilileta mwenyewe. Lilikwama hasa. Midomo imebana kwenye ile M, macho yanapepesa, mguu wa kulia unagonga sakafu. Mume wangu alinishika kiwiko. Tiana hakutazama kando, hakutabasamu lile tabasamu la huruma, alibaki pale akimwangalia kama mtu anayesikiliza stori tamu. Jina likatoka, lote.

Baada ya hapo hakukamatika. Alikuwa amekuja na ajenda ambayo hakumwambia mtu: alitaka kumjulisha Tiana kwamba vile vitumbua vyake vya New Orleans, beignet, vina ndugu Mombasa. Vinaitwa mahamri. Vina iliki. Unavikanda na tui la nazi, na hapo kwenye "coconut" alikwama tena, akasimama, akaanza upya kwa ulaini kama alivyofundishwa, akaendelea bila kutuangalia. Tiana akauliza kama havinyunyiziwi sukari ya unga juu. Bi Mkubwa akamtazama kwa masikitiko makubwa. Sukari ya unga! Mahamri huliwa na mbaazi. Tiana akasema huko kwao mkahawani atalazimika kufikiria upya mambo mengi.

Waliokuwa nyuma yetu walisubiri kidogo zaidi. Mmoja alianza kunihurumia kwa macho tulipokuwa tunatoka, nikamsalimu nikapita.

Jioni tulimpigia mama yangu Kisauni, kwake usiku ulishakuwa mkubwa. Bi Mkubwa alimsimulia kisa chote mwenyewe, na mama, ambaye zamani alikuwa wa kwanza kumwambia avute pumzi, alingoja mpaka mwisho. Kisha akataka kujua jambo moja tu: huyo Tiana anatia hamira au anatia baking powder? Bi Mkubwa hajui. Amesema tutarudi kumuuliza, na baba yake ameanza kupiga hesabu ya petroli.