Siku moja na vitufe vyangu, Ngamiani

Saa moja na nusu asubuhi. Chai na mihogo tayari, nafungua kompyuta. Mimi na mwenzangu tunaunda maktaba ya madirisha, yaani amri zilizo tayari za kuchora madirisha na vitufe vya programu: mtu aandike programu mara moja, ifunguke kwenye mifumo ya Windows, macOS na Linux. Wenzetu walishaanza zamani. Lugha ya programu ya Java ilitoka na AWT, maktaba iliyotumia vitufe vya mfumo wenyewe, kisha Swing ikaja kuchora vyake. Sisi tumeifuata njia ya AWT, na ndiyo yenye adha.

Saa tatu. Leo ni zamu ya kile kisanduku cha “Hifadhi mabadiliko?” Mwenzangu ana wazo jepesi: programu iulize, isimame pale pale, ikipata jibu iendelee. Windows haina neno. Kwa Mac, kisanduku kinaning’inia kwenye dirisha lake na jibu linaletwa baadaye. Nikageukia Linux: GTK 4, maktaba ya madirisha ya huko iliyotoka 2020, imeiondoa kabisa ile amri ya kusimama na kusubiri. Basi, mwandishi wa programu atatuachia kipande cha kodi (maagizo ya programu), sisi tutakiita jibu likipatikana.

“Kaka, si tumalize kwanza kuziandika amri zote kwenye karatasi, ndo tuzitekeleze?” anauliza mwenzangu.

Nakataa. Ukiandika tu, hakuna wa kukubishia. Ukitekeleza, mifumo mitatu inakubishia kwa pamoja. Na ukianza na Windows peke yake, utajikuta umeandika Windows kwa jina jingine.

Saa tano, vitufe vya kisanduku hichohicho. Windows huweka “Sawa” kushoto kwa “Ghairi”. Mac hupendelea kitufe kikuu kiwe kulia kabisa. Kwa hiyo amri yetu haipokei mpangilio. Inapokea kazi ya kila kitufe: hiki cha kukubali, hiki cha kughairi, hiki cha kutupa mabadiliko. Kupanga tunauachia mfumo. Hapa nimefurahi kweli, maana amri imekuwa fupi kuliko tulivyoanza.

Saa saba: swala, wali wa nazi kwa samaki, na soka la Coastal Union kidogo.

Saa tisa, menyu. Mac huiweka juu ya skrini, moja kwa programu nzima. Windows kila dirisha na yake. Tumekubaliana iwe mali ya programu, madirisha yaazime.

Saa kumi na moja mwenzangu anapanda baiskeli. Kesho tutabishana: dirisha la mwisho likifungwa, programu nayo izime? Mtu wa Windows atasema ndiyo, wa Mac atashangaa.